KOMPYUTA HUSOMAJE MWANDIKO WETU?

Siku hizi mweka hazina anaweza kulipiga daftari picha kwa simu, na simu ikageuza mwandiko kuwa maandishi ya kuchapwa. Tujue inavyofanya, maana hizo ni pesa zetu.

Kompyuta haioni herufi kama sisi. Inaona vijisanduku vidogo vidogo, vyeusi na vyeupe, kama mkeka uliosukwa kwa rangi. Herufi za kuchapwa ni rahisi, kwani kila "a" hufanana na mwenzake. Shida ni mwandiko wa mkono.

Mwaka 1989, Yann LeCun na wenzake wa Bell Labs, Marekani, waliifundisha kompyuta kusoma tarakimu zilizoandikwa kwa mkono kwenye barua za posta. Kila tarakimu iligawanywa vijisanduku 256. Ilionyeshwa mifano 7,291 pamoja na majibu yake. Ikikosea inarekebishwa, tena na tena. Kisha ikapewa tarakimu 2,007 ambazo haijawahi kuziona. Ilikosea karibu 5 katika kila 100.

Leo kompyuta zimeboreka sana, lakini bado zinakisia. 1 yenye mkia yaweza kusomwa 7, na mama aliyetoa shilingi 100 akahesabiwa 700. Basi:

1. Andikeni tarakimu wazi, zisigusane.
2. Andikeni kiasi kwa maneno pia.
3. Mtu wa pili alinganishe na daftari. Daftari lisitupwe!

Swali la kujadili: Katika daftari lenu, ni tarakimu zipi zinafanana?