Prosesa ya Gemu ya Zaidi ya Elfu Sitini: Je, Inafaa Pesa Yako?

Ndengu zikishauzwa Mwingi na maembe yakishapanda lori Wote, pesa huingia kwenye simu kwa mkupuo. Ni pesa ya msimu. Ikishatoka, unangoja msimu mwingine. Katika wiki hizo ndipo kijana mwenye kompyuta ya gemu, au mwenye kibanda cha gemu pale stejini, huanza kuulizia prosesa mpya. Muuzaji wa Nairobi naye hachelewi: "Boss, hii ndiyo kali kuliko zote. Tuma pesa nikuwekee, zimebaki mbili."

Kabla hujaweka PIN, tuhesabu.

Prosesa, au kichakataji kwa Kiswahili cha vitabu, ndiyo inayofanya hesabu za gemu: mpira umeruka wapi, gari limegonga nini, adui anatokea upande gani. Kadi ya grafiki ndiyo inayochora picha, na skrini huionyesha. Kazi hizi hufuatana, kwa hiyo kasi unayoiona ni ya yule aliye mzito kuliko wenzake. Ukifunga pampu kubwa kisimani na bomba la kupeleka maji kwa tangi ni jembamba, tangi halitajaa haraka. Watu wengi hununua pampu wakati shida yao ni bomba.

Tuchukue mifano miwili ya prosesa zinazotajwa sana. Ryzen 7 9800X3D ya AMD ilitoka Novemba 2024 kwa dola 479. Ukihesabu dola moja kwa shilingi 129, hiyo ni karibu 62,000, kabla ya usafiri, VAT ya asilimia 16, ada nyingine za kuingiza mizigo na faida ya mwenye duka. Ryzen 5 5600 ya kampuni hiyohiyo ilitoka Aprili 2022 kwa dola 199, yaani kama 26,000 kwa hesabu ileile. Bei za madukani hubadilika, na ya pili imeshuka tangu wakati huo, lakini pengo lake ndilo swali letu. Je, hiyo 36,000 na zaidi utaiona kwa macho?

Jibu liko kwenye mashine uliyo nayo sasa, na kulipata ni bure.

Fungua gemu unayoicheza zaidi. Zima V-Sync na kikomo chochote cha fremu, la sivyo namba itagandia 60 na utailaumu prosesa bure. Weka hesabu ya fremu kwa sekunde ionekane pembeni ya skrini; Steam ina sehemu ya kuionyesha, na programu ya bure ya MSI Afterburner hukuonyesha pia kadi na prosesa zinatumika kwa asilimia ngapi. Cheza dakika kumi, uandike namba. Kisha shusha ubora wa picha hadi chini kabisa, na ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Rudia sehemu ileile ya gemu.

Fremu zikiruka, tuseme kutoka 55 hadi 100, basi aliyekuwa amelemewa ni kadi ya grafiki. Prosesa yako ilikuwa imekaa ikingoja, na prosesa ya elfu sitini itakaa ikingoja vilevile. Zikibaki 55 au 58, hapo prosesa ndiyo imefika mwisho wake, na una sababu ya kufikiria kuibadilisha.

Hata hivyo usikimbie dukani bado. Fungua kasha uangalie vumbi. Kibwezi, Makindu na Mtito Andei ni sehemu za joto, na prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Fundi akipuliza vumbi na kubadilisha ile pesti ya kupoza iliyokauka kati ya prosesa na feni, kuna mashine ambazo hurudi kama mpya kwa gharama ndogo sana. Angalia pia RAM: gemu nyingi za sasa husumbua kwenye GB 8. Na kama RAM yenyewe ni kijiti kimoja, kuongeza cha pili kunakofanana nacho huifanya prosesa isomewe data kwa njia mbili badala ya moja.

Halafu skrini. Skrini nyingi za mitumba zilizotoka maofisini ni za Hz 60, maana yake huonyesha picha 60 kwa sekunde na si zaidi. Prosesa ikitoa fremu 200, zaidi ya 100 kati ya hizo hutaziona. Wachezaji wa mashindano watasema kuna tofauti kidogo kwenye wepesi wa kidole, na ni kweli, lakini kwa mtu wa kawaida wa skrini ya Hz 60 hiyo si tofauti ya kulipia elfu thelathini na sita.

Bei ya boksi si bei yenyewe

Hapa ndipo wengi huumia. Tuseme una kompyuta ya AMD ya zamani kidogo, yenye ubao mkuu wa soketi ya AM4 na RAM za DDR4. Ryzen 5 5600 inaweza kuingia pale pale, mradi ubao wako unaikubali na BIOS imesasishwa. Muulize fundi jina kamili la ubao kabla ya kulipa. Pia huja na feni yake ndani ya boksi. Hiyo 9800X3D inataka soketi ya AM5, yaani ubao mpya, na RAM za DDR5, yaani RAM mpya. Feni haiji nayo. Kwa hiyo unayeona unanunua prosesa ya elfu sitini, kwa kweli unanunua kompyuta nusu.

Umeme nao uuhesabu. Core i9-14900K ya Intel inaweza kuvuta wati 253 ikisukumwa kwa nguvu zote. Gemu peke yake mara nyingi haiifikishi huko, lakini kazi nzito za video huifikisha. Tuchukue kwamba mashine moja inazidi nyingine kwa wati 130, saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: hizo ni kama uniti 27. Uniti moja ikikugharimu shilingi 28, ni zaidi ya shilingi 750 kila mwezi. Usichukue 28 yangu. Fungua ujumbe wa tokeni yako ya mwisho, gawanya pesa uliyolipa kwa uniti ulizopata, utumie hiyo.

Kama gemu ni biashara yako

Tuseme una chumba Wote au Kitui mjini, unatoza shilingi 50 kwa saa. Prosesa ya 62,000 inahitaji saa 1,240 za kuchezwa ndipo irudishe bei yake tu, bila kodi ya chumba wala umeme. Lakini tatizo kubwa ni kwamba saa hizo ungezipata hata na prosesa ya bei ya chini. Mtoto anayelipa shilingi hamsini hajui ndani kuna prosesa gani. Anachojua ni kama kuna kiti. Jumamosi foleni ikifika mlangoni, kinachopotea ni mapato ya viti, na pesa hiyo ingenunua mashine nyingine ya mtumba na UPS ya kuilinda stima ikipotea. Kama wateja wako wanacheza mpira na GTA V, kwa maoni yangu prosesa ya bei ya juu hapo ni mapambo.

Kuna wanaoihitaji kweli. Mchezaji wa Counter-Strike 2 au Valorant mwenye skrini ya Hz 240 ataona tofauti, kwa sababu gemu hizo huitegemea sana prosesa ukishashusha ubora wa picha. Mpenzi wa Microsoft Flight Simulator pia: 9800X3D ina kumbukumbu ya ndani, ile ya L3, ya MB 96, mara tatu ya MB 32 za 5600, na gemu za aina hiyo huipenda. Lakini kama unacheza mtandaoni na intaneti yako inayumba, hakuna prosesa itakayoutibu huo mchelewesho.

Na yule anayehariri video za harusi na ntheo? Yeye ana hesabu tofauti. Kazi yake hupenda viini vingi. 9800X3D ina 8, Core i9-14900K ina 24. Prosesa inayosifiwa kwa gemu si lazima iwe bora kwake. Yeye akimaliza kazi saa mbili mapema, mteja analipa mapema, na hapo prosesa ya gharama inaweza kujilipia.

Ukiuziwa Intel ya kizazi cha 13 au 14 iliyokwisha kutumika, uliza maswali zaidi. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa hizo za kompyuta za mezani zilikuwa zikipata volteji ya juu kupita kiasi, na zikaanza kuyumba. Ilitoa marekebisho ya BIOS na kuongeza warantii kwa miaka miwili, lakini marekebisho hayaiponyi prosesa iliyokwisha kuharibika. Itake iwashwe mbele yako, icheze gemu nusu saa.

Kuhusu pesa yenyewe

Usinunue gemu kwa mkopo wa simu wa siku 30. Tuseme ada ni asilimia 8: kwa 60,000 unalipa 4,800. Ukishindwa na kuurudia mara tatu, umelipa 14,400 na bado deni liko palepale. Kwa prosesa isiyoingiza hata shilingi, hiyo ni hasara tupu. Afadhali ufungue akiba yenye lengo kwenye simu, uweke kidogo kidogo. Na prosesa, tofauti na shamba, aghalabu hushuka bei ukingoja.

Muuzaji akikutaka utume "deposit" kwa namba ya mtu binafsi ili prosesa ipakiwe kwenye basi la jioni, mwombe namba ya till ya duka. Jina la biashara hutokea kabla hujathibitisha. Likitofautiana na jina la duka, simama hapo. Kama una ndugu Nairobi, aingie dukani Luthuli Avenue, aione prosesa kwa macho, nawe ulipe ukiwa Kitui huku yeye ameishika.

Jambo hili huwachanganya wateja wengi: kuomba pesa irudishwe ni kwa ajili ya namba iliyokosewa. Ukimtumia muuzaji uliyemkusudia, kisha akakuletea boksi tupu, muamala wenyewe haukuwa na kosa. Tupigie mara moja hata hivyo, kwa sababu pesa ikiwa bado haijatolewa kuna hatua zinazoweza kujaribiwa, na uende kituo cha polisi ukiwa na ujumbe wa malipo.

Boksi likifika, lifungue mbele ya mhudumu wa vifurushi ukiwa unajirekodi. Linganisha serial namba ya boksi na ile iliyochapwa juu ya prosesa, upige picha zote mbili. Dai risiti ya eTIMS, na ujumbe wa malipo usiufute hadi warantii iishe, kwa maana muuzaji atakuuliza vyote viwili.