SOMO LA KIKUNDI: UGOMVI TUNAOUFICHA



Tukitembelea vikundi, mara nyingine tunaona mama fulani hakai benchi moja na mwenzake. Ukiuliza unaambiwa, "Aa, hakuna neno." Kumbe babu zao waligombania mpaka wa shamba, na hadi leo hata mbegu za kikundi hazigawanywi bila watu kununa. Wote wanajua, lakini hakuna anayesema. Leo tujifunze kutoka kwa mchezo wa redio wa jirani zetu wa Rwanda.

MCHEZO WENYEWE

Unaitwa Musekeweya, yaani "mapambazuko mapya". Ulianza kutangazwa mwaka 2004, miaka 10 baada ya mauaji ya kimbari. Una vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro. Ardhi ni haba. Serikali inapatia kijiji kimoja ardhi, kingine kinanyimwa. Wivu unaingia, viongozi wanachochea, mwishowe watu wanavamia wenzao. Katikati yuko Batamuliza wa Bumanzi, anayempenda Shema wa Muhumuro. Na mchochezi mkubwa wa Bumanzi ni nani? Ni Rutanagira, kaka yake Batamuliza mwenyewe! Sasa huyu binti anyamaze kwa sababu ni damu yake?

Kabila halitajwi. Hata hivyo kila msikilizaji alijua inasemwa nini.

ULILETA FAIDA GANI?

Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alichapisha uchunguzi wake mwaka 2009. Vikundi vingine vilisikiliza Musekeweya pamoja kwa mwaka mmoja, vingine vilisikiliza mchezo wa mambo ya afya. Imani za watu moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni jinsi walivyoona mwenendo unaofaa kati ya watu, na wakawa tayari zaidi kusema wazi wasipokubaliana.

Mwishoni kila kikundi kilipewa redio na kanda. Nani atazitunza? Katika vikundi vya afya, mara nyingi mtu alisema apewe kiongozi wa mahali, wengine wakaitikia, basi. Katika vikundi vya Musekeweya watu walibishana zaidi, na mara nyingi wakaamua kutunza kwa pamoja.

TUNAJIFUNZA NINI?

Tusingoje mioyo yote isafike ndipo tuanze kusema ukweli. Mtu anaweza kuwa bado ana uchungu, na bado akagawa mbegu kwa haki mbele ya wenzake. Mwanachama akipinga kwa heshima, mwenyekiti asimwone adui. Hata akimpinga ndugu yake.

Lakini tuwe waangalifu. Si kila siri ni ya mkutano. Mambo ya nyumba ya mtu, kama kupigwa au mtoto aliyezaliwa nje, yasikizwe faraghani na mtu anayeaminika, na mwenyewe akubali. Kesi ya mpaka nayo ipelekwe kwa wazee na ofisi ya ardhi. Kazi ya kikundi ni kuhakikisha ugomvi huo haugawi pesa na vyombo vyetu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni jambo gani tunalonong'ona njiani tukitoka mkutanoni, na mkutanoni hatulisemi?
2. Ufunguo wa stoo na kitabu cha benki viko kwa nani? Tulikubaliana, au tulinyamaza tu?
3. Ungekuwa Batamuliza, ungemwambia nini kaka yako?

Mkimaliza, andikeni kwenye kitabu cha kumbukumbu jambo moja mtakalobadilisha kabla ya mkutano ujao. Moja tu, lakini lifanyike.