Mikono nje ya mwanga: eksirei ya kifua cha mbwa

Hapa Sharpstown, kusini-magharibi mwa Houston, joto na unyevu vinawapa mbu nafasi karibu mwaka mzima, na mbu ndiye anayehamisha minyoo ya moyo kutoka mbwa hadi mbwa. Ndiyo maana picha ninazopiga zaidi ni za kifua. Mnyoo mpevu hufikia sentimita 30 hivi, lakini eksirei haimwonyeshi mwenyewe. Inaonyesha alichoharibu: upande wa kulia wa moyo uliotanuka, mishipa ya mapafu iliyonenepa na kupindapinda. Mbwa akilala mshazari kidogo tu, dalili hizo hufichika, au zikaonekana mahali zisipokuwepo.

Majuzi mama mmoja mzaliwa wa Bukavu alileta mbwa wake anayekohoa. Akaniambia, "Mwanangu, acha nimshike mimi, amenizoea." Nikamjibu, "Hapana, mama yangu, naomba unisubiri nje. Tukimaliza nakuja kukuita." Daktari alikuwa ameshamchunguza mbwa na kumpa dawa kidogo ya kumtuliza.

Nilimlaza kwa ubavu wa kulia. Miguu ya mbele niliivuta mbele kabisa, maana misuli ya bega ikibaki nyuma hufunika ncha ya mapafu. Kisha kikaja kipande cha sponji chini ya kidari. Watu wengi hukiruka, nami nakisisitiza: bila sponji kidari huzama mezani, kifua kinajipinda, na moyo unabadilika umbo. Inama uangalie kwa jicho. Kidari na uti wa mgongo viwe kimo kimoja. Mifuko ya mchanga huwekwa juu ya miguu, kamwe isiwe juu ya kifua. Picha ikitoka, tazama mbavu: za kulia na za kushoto zikilaliana, umelaza vizuri.

Picha ya pili mbwa hulala kifudifudi, uti wa mgongo juu ya kidari sawasawa. Usitosheke na picha moja. Kivuli kimoja hakisemi kitu kiko kina gani. Weka alama ya kulia au kushoto kabla ya kupiga, na ubane mwanga kuanzia mbele ya bega hadi nyuma kidogo ya ubavu wa mwisho. Halafu subiri pumzi. Kifua hupigwa kikiwa kimejaa hewa. Tumbo hupigwa mnyama akishatoa pumzi.

Kuhusu mashine, pima unene wa kifua kwanza. Kilovolti huamua nguvu ya mionzi kupenya, na miliampea-sekunde huamua wingi wake. Unene ukizidi sentimita 10, tumia gridi. Picha yenye chengachenga imekosa mionzi ya kutosha. Hatari iliyojificha ni kuzidisha: kompyuta huirekebisha picha ikapendeza, na hujui umemmiminia mnyama mionzi mingi kuliko alivyohitaji. Soma namba ya kipimo cha mionzi kila mara.

Kwenye kliniki yangu ya kwanza nilivua glavu ili nimshike paka vizuri. Picha ilipotoka, pembeni mwa mgongo wake palikuwa na mifupa ya vidole vyangu viwili. Niliitazama kwa muda mrefu. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alizoea kujaribu mirija ya eksirei kwa mikono yake mwenyewe. Ilimbidi akatwe mikono, na mwaka 1904 akafariki. Hata glavu za risasi hukinga mionzi inayotawanyika tu, si mwale wenyewe.

Kwa hiyo mnyama ashikwe na sponji, mchanga na dawa, na wewe urudi nyuma. Ukitoka mita 1 ukafika mita 2, mionzi inayokufikia inabaki robo. Dozimita, yaani kipima mionzi, ivaliwe kolani, nje ya aproni ya risasi, na aproni itundikwe. Ukiikunja, risasi iliyomo hupasuka. Kiwango cha juu kwa mfanyakazi hapa Marekani ni milisivati 50 kwa mwaka, na kwa mjamzito aliyetoa taarifa ni 5 kwa ujauzito wote. Kila picha inayorudiwa inaongeza hesabu ya kila aliyemo chumbani, mnyama akiwa wa kwanza.

Picha mbili za yule mbwa anayekohoa zilitoka sawa mara ya kwanza. Nilimwita mama, daktari akamwonyesha kwa kidole mshipa ulionenepa, naye akaniuliza kwa Kiswahili dawa inaanza lini.