Dawa ya kifafa isikatishwe

Swali: Binti yangu, miaka 12, amekunywa fenobabitoni miezi mitatu bila kuanguka. Niache? Majirani wanaogopa povu lake, nami nimemtoa shule. – Mama, Dadamu, Arua

Jibu: Usiache, mama. Kuikatisha ghafla huweza kuleta degedege mfululizo, nayo huua. Kwa kawaida daktari hufikiria kuipunguza, polepole, baada ya miaka 2 hivi bila kuanguka. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Povu ni mate tu, haliambukizi kifafa. Akianguka, mlazeni ubavu, msimtie chochote mdomoni. Zikipita dakika 5 bila degedege kukoma, mkimbizeni Hospitali ya Rufaa ya Arua. Linaloniuma ni shule. Tafadhali mrudishe, ukamweleze mwalimu haya yote.