Somo: Pesa ya Karo ni ya Karo

Somo letu mara hii ni la pesa za watu, na tunaanzia kwa jirani zetu.

Hapa Mji wa Kale, Muislamu akiiweka nyumba wakfu kwa ajili ya msikiti, kodi yake ni ya msikiti. Nyumba haiuzwi wala hairithiwi, na anayeisimamia hawezi kusema, "Mwezi huu kodi naipeleka kwingine." Sisi Wakristo neno wakfu twalitumia kanisani kila mara, lakini tukifika kwenye sanduku la kikundi twalisahau. Hata Fort Jesus imepata msaada wenye kazi maalumu: mwaka 1958, ilipoacha kuwa jela, Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno ulitoa pesa za kuitengeneza iwe makumbusho. Makumbusho ndiyo haya tunayopeleka watoto.

Sasa sikilizeni yetu. Mfadhili alituletea pesa za karo. Mwezi huo kodi ya ofisi ilikuwa haijalipwa, tukaambiana, "Si zote ni za kikundi? Tutarudisha." Tukachota. Michango tuliyoitegemea haikuja, na shule zilipofunguliwa watoto wawili wakarudishwa nyumbani. Hakuna aliyeiba hata senti, lakini mama zao walikuja ofisini na hatukuwa na la kuwaambia. Mfadhili tulimwandikia baadaye. Barua ile ilipaswa kwenda kabla, kumwomba ruhusa, pengine angekubali.

Tangu hapo kila msaada una ukurasa wake kwenye daftari: nani katoa, kwa kazi gani, kimebaki nini. Sheria nayo yadai hesabu. Ile ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilianza kutumika Mei 2024. Lakini mkaguzi huja mara moja kwa mwaka. Mama wa mtoto yuko mtaani kila siku.

Na udhamini je? Mfanyabiashara akilipia fulana zenye jina lake, hakuna neno, mradi fulana hazimnunulii kiti cha kamati. Picha ya mtoto isipelekwe kwa mfadhili bila mzazi kukubali. (Ya mtoto analia, sisi twaona haifai hata akikubali.)

Maswali ya kujadiliana kikundini:
Je, sanduku letu lina pesa ngapi zenye kazi maalumu leo?
Nani mwingine, zaidi ya mweka hazina, anajua?