Kumaliza Mkopo wa Nyumba Kabla ya Muda: Hatua 10 kwa Familia Inayoishi kwa Mshahara

Mwongozo huu ni wa familia yenye mkopo wa nyumba Tanzania, inayopokea mshahara mwisho wa mwezi na inayotaka kulimaliza deni kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Kubana matumizi kumewekwa hatua ya 6 kwa makusudi. Familia nyingi huanzia hapo, zinajinyima kweli kweli, lakini pesa iliyookolewa hurudi sokoni na dukani kwa sababu haikutengenezewa njia ya kufika kwenye deni.

Mfano ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mkopo wa Sh 60,000,000, riba ya asilimia 15 kwa mwaka, muda wa miezi 180. Maneno manne yatatumika kwa maana hizi tu:

Deni la msingi: kiasi cha mkopo ambacho bado hakijalipwa, bila riba.
Riba: gharama ya mkopo, inayohesabiwa kila mwezi juu ya deni la msingi lililobaki.
Rejesho: kiasi ambacho benki hukata kila mwezi kwa mujibu wa mkataba. Ndani yake mna riba na sehemu ya deni la msingi.
Nyongeza: pesa mnayolipa kwa hiari juu ya rejesho, kwa ajili ya kupunguza deni la msingi peke yake.

Hatua ya 1. Kusanya nyaraka na vifaa

Weka mezani: mkataba wa mkopo, ratiba ya marejesho, taarifa za akaunti ya mkopo za miezi 6 iliyopita, kaunta buku moja, kalamu ya wino, kikokotoo, bahasha 4 za kaki, na mzani wa kuning'iniza unaopima hadi kilo 50. Ratiba ya marejesho mkiwa hamna, iombeni benki kwa barua.

Hakiki: kila karatasi ina namba ya akaunti ya mkopo, na namba hiyo ni ileile kwenye karatasi zote.

Hatua ya 2. Someni mkataba, mume na mke, kwa sauti

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenzi kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani, kwa hiyo wawili mnapaswa kujua mlichokubali. Tafuteni vifungu vitatu na kuvipigia mstari: kifungu cha kulipa mapema (je, kuna tozo, na notisi ni ya siku ngapi), kifungu cha riba (je, benki inaweza kuibadilisha), na kifungu cha bima. Kama kuna tozo ya kulipa mapema, andikeni kiasi chake ukurasa wa kwanza wa kaunta buku.

Bima ya mkopo na bima ya nyumba msiziguse. Hizo si matumizi ya kubanwa.

Hakiki: kila mmoja aeleze vifungu hivyo vitatu bila kutazama karatasi. Akikwama, rudieni kusoma.

Hatua ya 3. Kokotoa riba ya mwezi mmoja kwa mkono

Zidisha deni la msingi kwa 0.15, kisha gawanya kwa 12. Katika mfano: 60,000,000 × 0.15 ÷ 12 = 750,000. Rejesho la mkopo huu ni Sh 839,752. Toa riba: 839,752 − 750,000 = 89,752.

Soma namba hiyo ya mwisho mara mbili. Mwezi wa kwanza familia imetoa zaidi ya laki nane, na deni limepungua kwa chini ya elfu tisini. Mkiachia ratiba iende yenyewe hadi mwezi wa 180, jumla ya riba itafika takriban Sh 91,155,000, juu ya zile milioni 60 mlizokopa.

Sasa ongeza nyongeza ya Sh 150,000 kila mwezi, kuanzia mwezi wa kwanza. Mkopo uleule unaisha mwezi wa 115, yaani miaka 9 na miezi 7 badala ya miaka 15, na riba inapungua kwa zaidi ya Sh 38,000,000. Mlioanza zamani mtapata nafuu ndogo kuliko hiyo, kwa sababu riba nzito hulipwa miaka ya mwanzo. Ndiyo maana hatua hizi zianze mwezi huu.

Hakiki: linganisha riba uliyokokotoa na ile iliyo kwenye taarifa ya akaunti. Zikitofautiana kidogo, huenda benki inahesabu kwa siku. Jaribu njia hii: deni la msingi × 0.15 × idadi ya siku za mwezi ÷ 365. Kwa mwezi wa siku 31 utapata Sh 764,384. Usiendelee hatua ya 4 kabla hujajua benki yenu inatumia njia ipi.

Hatua ya 4. Andikeni matumizi yote kwa siku 30

Chora safu nne kwenye kaunta buku: tarehe, kitu, kiasi, aliyetumia. Andikeni kila usiku kabla ya kulala, bila kuacha nauli ya bodaboda ya Sh 1,000 wala vocha ya Sh 500. Makato ya kutuma na kutoa pesa kwa simu yana mstari wake. Mwezi huu msibane chochote. Kazi ni kupima, na ukianza kubana unaharibu kipimo.

Hakiki: siku ya 30, mshahara − jumla ya matumizi − pesa iliyobaki mkononi = 0. Tofauti ya hadi Sh 10,000 inakubalika. Ikizidi hapo, kuna mtu anasahau kuandika. Muulizeni kwa upole, kisha mrudie siku nyingine 30.

Hatua ya 5. Jaza akiba ya dharura kwanza

Weka marejesho matatu kwenye akaunti tofauti isiyo na kadi: 839,752 × 3, sawa na takriban Sh 2,520,000. Hadi kiasi hicho kitimie, msilipe nyongeza hata shilingi. Mtoto akilazwa au mwajiri akichelewesha mshahara, nyongeza mliyokwisha kulipa haitarudishwa na benki, na rejesho litadaiwa palepale.

Hatua ya 6. Punguza matumizi kwa vipimo

Hatua hii ni ndefu kwa sababu ndiyo inayoishi na familia kila siku.

(a) Gesi. Kwenye kola ya mtungi umegongwa uzito wa mtungi mtupu. Mtungi wa kilo 15 ukiwa umeandikwa 16.2, ujazo kamili lazima usomeke 31.2 kwenye mzani. Ning'iniza mtungi mbele ya muuzaji kabla ya kulipa. Ukisoma 30.4, mwambie kwa adabu, "Kaka, huu umepungua gramu mia nane, naomba mwingine." Hatuna ugomvi na mtu, tunalipia kilo 15. Andika tarehe ya kufunga mtungi na tarehe ya kwisha.

(b) Maharage. Jumamosi usiku loweka kilo 2 kwa saa 8, mwaga maji ya kulowekea, suuza, weka maji mapya, chemsha mara moja kwa wiki nzima. Maharage yameiva pale punje ikibonyezwa kati ya vidole viwili inapondeka yote, pasipo kiini kigumu katikati. Gawa kwenye makopo 5 na uyagandishe. Kuchemsha sufuria moja kubwa mara moja kunakula gesi kidogo kuliko kuchemsha sufuria ndogo mara tano, na mpishi akirudi jioni amechoka hatamwagiza mtoto chipsi.

(c) Umeme. Soma unit zilizobaki kwenye mita ya LUKU saa 12 jioni, soma tena saa 12 asubuhi, andika tofauti. Kwetu kazi hii ni ya binti yetu wa darasa la tano. Anaingia chumbani na daftari mkononi: "Shikamoo baba. Leo zimebaki kumi na nne nukta sita." Kwa wiki nzima tofauti ya kila usiku ilikuwa unit 2.0, na usiku hakuna kilichokuwa kinafanya kazi isipokuwa friji na taa ya nje. Kagua friji hivi: bana karatasi kwenye mlango, funga, kisha vuta. Ikitoka bila kukwama, mpira wa mlango umechoka. Rudia kila sentimita 20 kuzunguka mlango wote. Yetu iliteleza pembe mbili za chini. Tulibadilisha mpira, na tofauti ya usiku ikashuka hadi unit 1.0. Tofauti ya mchana nayo ilipungua kwa kiasi hichohicho, hivyo tuliokoa unit 60 kwa mwezi. Unaponunua LUKU soma risiti mstari kwa mstari: kodi ya majengo imo humo tangu 2021, na makato hayo si umeme uliotumia.

(d) Nauli na chakula cha mchana. Bebeni chakula kutoka nyumbani siku 4 kati ya 5. Ya tano kuleni na wenzenu kazini.

(e) Soda na vocha. Soda ni Jumapili. Nunueni bando moja la mwezi kwa kila simu, basi.

Hesabu yetu kwa mwezi ilikuwa hivi: chakula na gesi Sh 62,000, umeme Sh 21,000, nauli na chakula cha mchana Sh 45,000, soda na vocha Sh 22,000. Jumla Sh 150,000.

Hakiki: andikeni matumizi siku 30 nyingine kama hatua ya 4. Kiasi kilichopungua kwenye kaunta buku ndicho nyongeza yenu. Msitumie kiasi mlichokitarajia. Hakiki pia sahani za watoto: maziwa, mayai, dagaa na matunda visipungue. Vikipungua, mmebana mahali pasipostahili, na marekebisho yafanyike wiki hiyohiyo.

Hatua ya 7. Tenga nyongeza siku ya mshahara

Hamisha Sh 150,000 kabla ya kununua chochote. Kisha gawa pesa ya mwezi kwenye bahasha 4, moja kwa kila wiki. Bahasha ya wiki ya tatu haifunguliwi wiki ya pili. Michango ya harusi na misiba iwekewe kiasi chake ndani ya bahasha: ndugu na majirani hawakukopa nyumba, na siku yenu ikifika mtawahitaji.

Hatua ya 8. Lipa nyongeza kwa maelekezo ya maandishi

Peleka barua benki, nakala mbili, na ombeni nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa. Maneno yawe haya: "Naomba kiasi hiki kipunguze deni la msingi la akaunti namba ..., na muda wa mkopo ufupishwe. Rejesho la mwezi libaki kama lilivyo." Neno "ufupishwe" ni la lazima. Bila hilo benki inaweza kupunguza rejesho na kuuacha muda palepale, na nyongeza itawasaidia kidogo sana.

Hatua ya 9. Hakiki kwamba nyongeza imefika

Chukua taarifa ya akaunti mwezi unaofuata. Nyongeza ya Sh 150,000 inapaswa kupunguza riba ya mwezi huo kwa 150,000 × 0.15 ÷ 12 = Sh 1,875. Katika mfano, riba ya mwezi wa pili bila nyongeza ni Sh 748,878, na kwa nyongeza ni Sh 747,003. Kama benki yenu inahesabu kwa siku, tumieni njia yake mliyoipata hatua ya 3.

Sisi tuliruka hatua hii miezi mitatu. Tulijinyima, tukalipa, tukalala usingizi mzuri. Mwezi wa nne nilipofungua taarifa nikakuta Sh 450,000 zetu zimeandikwa "malipo ya awali": zimekaa zikisubiri kukatwa kama rejesho la mbele, na deni la msingi halijaguswa. Mke wangu alisoma ile karatasi, akaikunja taratibu, akasema, "Haya ni maharage ya miezi mitatu, baba." Tulikwenda benki kesho yake na nakala za risiti, tukaandika barua ya hatua ya 8, ambayo awali hatukuiandika, na marekebisho yalifanyika. Tangu hapo taarifa ya akaunti husomwa kila mwezi, siku ya tano, meza ileile.

Hakiki: riba imepungua, deni la msingi limepungua kwa nyongeza yote, tarehe ya mwisho ya mkopo imesogea karibu. Moja likikosekana, rudi benki kabla ya kulipa nyongeza nyingine.

Rudieni hatua ya 7 hadi ya 9 kila mwezi. Januari, mwezi wa sare, madaftari na michango ya shule, nyongeza inaweza kuwa sifuri. Rejesho haliwezi.

Hatua ya 10. Funga mkopo na utoe nyumba rehani

Omba barua ya salio la kumaliza mkopo, yenye tarehe ya mwisho wa uhalali wake. Lipa kiasi hicho kamili kabla ya tarehe hiyo. Omba taarifa ya akaunti inayosomeka 0, kisha hati ya kuondoa rehani iliyosainiwa na benki. Hati hiyo isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Deni kuisha benki hakufuti rehani iliyoandikwa kwenye daftari la usajili.

Hakiki ya mwisho: fanyeni upekuzi rasmi wa hati yenu. Majibu ya upekuzi yaonyeshe majina yenu, namba ya kiwanja au ya sehemu ya jengo, na chini ya rehani pasiwe na benki yoyote. Fungua hati miliki yenyewe, tafuta ukurasa wa kumbukumbu, na uhakikishe mhuri wa kuondolewa rehani una tarehe na saini. Kaunta buku iwekwe kwenye faili moja na hati hiyo.