Rebecca Wakefield: Imani Haipimwi kwa Kaburi

Andiko la kusoma: Waebrania 11:32–40



Ukitoka kwetu Msambweni, ukavuka feri Likoni, halafu ukashika njia ya Rabai na Kaloleni, utafika Ribe. Hapo ndipo Wamethodisti walipoanza kazi mwaka 1862, na Thomas Wakefield alikuwa mmoja wa wale wa kwanza. Mwaka 1870 mkewe, Rebecca, aliondoka naye Uingereza kuja kutumika huku. Mengi tunayoyajua juu yake yametoka katika barua zake, ambazo baadaye kakake alizitia kitabuni.

Mama huyu hakukaa sana. Mwaka 1873 yeye na mtoto wake mchanga walifariki, kabla hajatimiza hata miaka mitatu Ribe. Wala hakuwa wa kwanza. Mwaka 1844 Rosine Krapf na mtoto wake mchanga walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mumewe, Ludwig Krapf, ndiye aliyekuja kuwafikisha Wamethodisti Ribe miaka 18 baadaye.

Sasa niulize: tungekuwa kwenye matanga ya Rebecca, tungesema nini? Maana nimewahi kuketi matangani hapa hapa Kwale, nikasikia dada aliyefiwa na mtoto akiambiwa, "Ungekuwa na imani, huyu angepona." Yule dada aliinamisha kichwa tu. Jumapili nyingi zikapita bila kumwona ibadani.

Sisi Wapentekoste tunaamini Mungu anaponya, na tusiache kuomba. Lakini Waebrania 11 tuisome mpaka mwisho. Wapo wanawake waliorudishiwa wafu wao wakiwa hai. Wapo na wengine walioteswa, wakafa kabla ya kuiona ahadi. Wote wamo katika orodha moja, na wote wanashuhudiwa kwa imani yao. Hakuna aliyefutwa jina kwa sababu alizikwa mapema.

Na kazi haikuzikwa na Rebecca. Kanisa liliendelea, na mwaka 1967 Kanisa la Methodisti Kenya likaanza kujiongoza lenyewe. Yeye hakuyaona hayo. Aliitika wito, akafanya sehemu yake, basi.

Kwa hiyo tufanye hivi. Ukienda matangani, chota maji, pika, keti na mfiwa, lia naye. Kama huna neno la kufariji, nyamaza. Mama mjamzito tumwombee, na tumsindikize kliniki pia. Kwenda hospitali si kukosa imani. Na kama kuna dada aliyeacha kuja kwa sababu ya maneno yetu, tumwendee nyumbani wiki hii, tumwombe msamaha.

Maswali ya vikundi vya nyumbani:
1. Kwa nini Waebrania 11 inawaweka pamoja waliookolewa na waliokufa?
2. Ni maneno gani tunayozoea kuwaambia wafiwa ambayo yanawaumiza?
3. Ni nani tutakayemtembelea kabla ya Jumapili?

Bwana awabariki.